Jani la Sale kwa Daktari wa Upasuaji

Jumamosi nilikuwa Old Moshi, kwenye sherehe ya kumuaga profesa wa upasuaji anayestaafu. Katikati ya hotuba yake aliikatiza, akachuma jani la sale uani, akalifunga fundo na kumpelekea daktari mwanamke aliyekaa nyuma. Alimpa kwa mikono miwili.

"Dokta, nisamehe," alisema. "Ule utafiti wa watoto walioungua ulikuwa wako. Kwenye maombi ya fedha niliandika jina langu kwa sababu wafadhili walinijua mimi."

Kwetu Uchaggani, sale ni jani la kuombea msamaha; ukiletewa hukatai. Daktari akalipokea. "Nimekusamehe, Profesa." Tukapiga makofi na vigelegele.

Nilisogea nikamuuliza daktari kama sasa ataomba fedha za utafiti kwa jina lake mwenyewe. Akawa analizungusha lile jani vidoleni.

"Fomu zao zinauliza umeshaongoza utafiti gani. Kwenye karatasi, mimi sijaongoza hata mmoja. Na wanataka watu wasiozidi miaka arobaini. Mimi nina hamsini, kaka yangu."

Utafiti ule ndio uliompa mwenzake uprofesa. Yeye, wagonjwa bado wanamwita sista, wakidhani ni muuguzi.

Nayajutia makofi yangu. Mila yetu ilimtaka yeye asamehe, lakini hakuna aliyemtaka profesa arudishe chochote. Profesa alirudi kwenye kata yake ya mbege, pombe yetu ya ndizi. Daktari aliaga mapema, maana alikuwa na zamu.