Ukurasa Uliobaki

Mwalimu Bibiana hakuwa mtu wa kutetemeka ovyo. Binti wa mkata mkonge, alijifunza muziki kwenye kinanda cha kanisa, akaja mtaa wa Mabawa kufundisha watoto wa watu piano, na waliomcheka aliwacheka pia. Lakini alasiri ile, sebuleni kwake, alikuwa roho juu.

Mbele ya piano aliketi mwanafunzi wake Ritha, msichana wa miaka kumi na sita. Kwenye kompyuta walikuwa majaji wa mashindano ya kimataifa ya wapiga piano vijana, wakimtazama moja kwa moja kutoka Ulaya. Akipita hapa, anapanda ndege kwenda fainali. Sharti lilikuwa gumu: muziki upigwe mwanzo hadi mwisho. Anayesimama njiani, ametoka.

Bibiana aliomba zamu ya mapema makusudi, wamalize kabla ya adhana. Wapi! Waliotangulia walichelewa, na Ritha akaitwa wakati umeshabana.

Alianza vizuri, vizuri hasa. Bibiana, aliyejibanza ukutani asionekane kwenye kamera, akaanza kushusha pumzi. Ukabaki ukurasa mmoja. Msikiti wa jirani ukaadhini.

Mikono ya Ritha ikainuka, ikatua magotini.

Nani wa kumlaumu? Nyumba ni ya Bi Mwanamkasi, na tangu Bibiana apange humo, adhana ikilia redio huzimwa na piano hunyamaza. Hakuna aliyemlazimisha. Ni adabu ya ujirani, naye huwafundisha wanafunzi wake hilo kabla hata ya noti. Ritha alishazoea, mwili ukitii wenyewe. Bibiana akamwashiria kwa mikono yote miwili: piga, piga! Mtoto alikuwa ameinamisha kichwa.

Adhana ilipokwisha, jaji mmoja akauliza kulikoni. Huko kwao walisikia mikwaruzo tu. Kama ni hitilafu ya mtandao, alisema, binti anaruhusiwa kurudia.

Bibiana hakungoja. Akajitokeza mbele ya kamera. "Ndiyo, ni mtandao," akasema, yeye mzee wa kanisa, bila kupepesa macho.

"Hapana," Ritha akasema taratibu. "Nimesimama mwenyewe. Majirani walikuwa wanaitwa kuswali."

Majaji wakanong'onezana. Wakamsifu, wakamshukuru, wakamtoa. Kompyuta ikanyamaza.

Bibiana alitaka kumzaba kofi, na papo hapo alitaka kumkumbatia. Akashindwa yote mawili, akajibwaga kwenye mkeka.

"Mtoto wewe! Si nilishakutengenezea?"

"Nisamehe, Mwalimu." Ritha alikuwa bado anaitazama piano. "Nimalizie? Kimebaki kidogo tu."

Bibiana akaifunga kompyuta.

"Malizia, mwanangu."

Ritha akaupiga ukurasa uliobaki, na hakukosea hata mahali pamoja. Ulikuwa upigaji wa kushinda kabisa, na Bibiana, aliyeusikia peke yake, akalia mpaka kanga ikalowa.