Ghuba Aliyoichagua Vaileth

Vaileth alizijua bandari za Ugiriki kuliko mitaa ya Thamesmead alikokuwa akiishi. Alijua gati lipi hujaa mapema, nahodha yupi hapendi kelele, na kisiwa gani huvamiwa na upepo wa kaskazini mchana hata glasi zikaanguka mezani. Kazi yake, katika ofisi moja katikati ya London, ilikuwa kuwapangia matajiri safari za boti za kifahari. Yeye mwenyewe hakuwahi kukanyaga hata moja. Pasipoti yake ilikuwa kwa watu wa uhamiaji pamoja na maombi ya kuongezewa ukaazi, na kila alipouliza aliambiwa aendelee kusubiri. Mama yake alikuwa Bukoba, akizeeka kwenye simu.

Mwezi wa tatu aliingia mzee Darshan, mwenye maduka ya vigae Hounslow, na mkewe Varsha. Vaileth alianza kwa Kiingereza. Mama yule akasoma jina kwenye beji yake, akamuuliza taratibu kwa Kiswahili kama si mtu wa Tanzania. Vaileth akajikuta ameshasema shikamoo. Kumbe Varsha alizaliwa Tanga, akaondoka angali msichana.

Darshan alitaka makubwa: Mykonos, Santorini, mpishi asiyegusa nyama, na kila jioni bandari yenye watu. Varsha alisubiri mpaka mumewe alipotoka kupokea simu, ndipo akasogeza kiti.

"Mwanangu, mimi nataka kuingia baharini tu. Tanga tulikaa karibu na maji. Kaka zangu walikuwa wakiogelea, mimi nawashikia taulo."

Vaileth hakucheka. Aliipangua safari nzima, akatafuta ghuba iliyokingwa na upepo, yenye mchanga, ambako maji hukaa kimo cha goti mwendo mrefu kabla ya kuwa na kina. Akapata baharia mwanamke wa kumshika mama mkono. Siku za Santorini akazipunguza. Darshan alipolalamika, mkewe alimwambia neno kwa Kigujarati, naye akatia saini.

Safari ilipokaribia, Varsha alirudi peke yake. Kulikuwa na chumba kitupu kwenye boti, akasema, na angependa Vaileth aje nao, kama mgeni wao, wapate kuzungumza.

"Siwezi, mama. Nikitoka nchi hii kabla hawajanijibu, maombi yangu yanakufa."

Varsha alimshika mkono, akakaa ameushikilia.

Simu ya video iliita mwezi wa sita, Vaileth akiwa kituoni Abbey Wood na mvua inanyesha. Uso wa Varsha ulijaa kiooni, nywele zimemgandia shavuni.

"Nimeingia, mwanangu. Mpaka shingoni."

Nyuma yake yalikuwa maji ya rangi ambayo Vaileth aliizoea kwenye picha za kuuzia wateja. Akauliza chini ni mchanga au mawe. Mchanga, mama akasema, laini kabisa. Akauliza panasikika harufu gani. Varsha akafikiri, akafungua mdomo ajibu, na picha ikaganda, simu ikakatika. Vaileth akaiacha treni ipite, akabaki ameishika simu asijue kama analia kwa furaha ya yule mama au kwa hamu yake mwenyewe.

Pasipoti ilirudi na kibali cha ukaazi majira ya baridi, boti zikiwa zimefunikwa maturubai. Emma, mwenzake wa ofisini, akamwambia kwamba sasa nauli za Ugiriki zimeshuka, aende akaione ghuba yake. Vaileth aliifungua picha ya ghuba ile, ya kuonyeshea wateja, akaitazama kwa muda mrefu. Kisha akakata tiketi ya kwenda nyumbani.

Bukoba alimkuta mama yake amekuwa mdogo kuliko alivyoonekana kwenye simu. Walipokaa kula, mama akataka kujua kazi anayofanya huko ni kazi gani hasa. Vaileth akamweleza habari za visiwa, na jinsi maji ya ile ghuba yanavyokwenda mbali bila kuzamisha mtu.

"Na wewe umeogelea humo?"

"Bado, mama."

Mama yake akamwongezea ndizi kwenye sahani.