Pilau ya Arobaini

Siku gazeti lilipoandika kwamba tukio lile haliwezi kutokea, mama yangu alisema alhamdulillahi, akainuka kwenda kuinjika chai. Mimi nilibaki na gazeti mapajani. Nilisubiri nikasirike, hasira haikuja, nikaanza kuangalia upindo wa pazia uliokuwa umefumuka.

Filamu iliyohakikiwa inamhusu msichana wa Temeke anayepata mimba akiwa kidato cha pili, na mama yake anayemchukua mtoto na kumlea kama aliyemzaa mwenyewe. Niliiandika mimi, ijapokuwa kazi yangu ni ushonaji. Nina cherehani mbili Manzese, nashona sare za shule, na mara mojamoja mavazi ya kikundi cha maigizo. Siku moja nikiwapima viuno waigizaji wale, mwongozaji wao akalalamika kwamba ameishiwa visa. Nikamwambia ninacho kimoja, cha jirani yangu. Nikakiandika kwenye daftari la vipimo, nyuma ya kurasa za mabega na mikono ya watoto wa watu.

Hakukuwa na jirani. Msichana yule ni mimi. Mtoto sasa ana miaka kumi na minne, anaishi kwa mama yangu Temeke, na ananiita dada.

Enzi zangu mwanafunzi akipata mimba shule ndiyo basi. Mama hakunipiga. Alinitazama tumboni, akahesabu kwa vidole, akasema nitakwenda Bagamoyo kwa mama mdogo kabla halijaonekana. Miezi miwili ya mwisho akanifuata, akiwa amewaambia majirani kwamba ni mjamzito na anataka kujifungulia kwa ndugu zake. Alikuwa na miaka thelathini na nane, kwa hiyo halikuwa jambo la kushangaza. Tukarudi watatu. Uswahilini watu wanajua kuhesabu miezi, lakini wanajua pia kunyamaza, na sikusikia hata mmoja akiuliza.

Siku ya arobaini ndiyo siku mzazi anapotoka ndani. Nyumba inafukizwa udi, maulidi yanasomwa, mtoto ananyolewa nywele, na mzazi anakaa juu ya godoro lililotandikwa vizuri, ana hina mikononi na doti mpya ya kanga, watu wanampa mkono na zawadi. Aliyekaa juu ya godoro alikuwa mama yangu. Mimi niligawa pilau. Nilikuwa nimefungwa kifua kwa kanga mbili, nimevaa baibui jeusi, na nilipita na sinia kwa wageni nikisema karibu, karibu, ongezeni jamani. Mtoto akilia, maziwa yalitoka yenyewe. Baibui jeusi halionyeshi unyevu. Mama ndiye aliyelichagua.

Sikulia siku ile. Nimejaribu kukumbuka kama nilitaka kulia, na ukweli ni kwamba nakumbuka uzito wa sinia tu, na kwamba wageni wa ukumbini walikuwa wanataka pilipili.

Mama alinitaka ahadi mapema: mtoto asijue mpaka atakapoolewa. Alisema watoto wenzake watamcheka, na yeye mwenyewe atadhani alitupwa. Nikaahidi. Nilikuwa na miaka kumi na saba, ningeahidi chochote. Baadaye, kila nilipokwenda Temeke nikamkuta amerefuka, niliona ahadi ile inanibana kama gauni la mwaka juzi. Sikuwa na ujasiri wa kuivunja kwa mdomo wangu. Filamu niliiandikia mtu mmoja, aione, afike mwenyewe alipopaswa kufika.

Ilionyeshwa mara ya kwanza katika ukumbi mmoja Kinondoni, kwenye viti vya plastiki, na wiki iliyofuata ikawekwa kwenye simu watu waitazame bure. Mama aliitazama kwenye simu ya mwanangu, wakiwa wamekaa pamoja kwenye kochi. Sikuwepo. Jioni alinipigia.

"Umenivua nguo," akasema.

"Ni kisa cha jirani, mama."

"Jirani gani huyo ana hina kama yangu? Mie nimekustiri miaka yote hii, leo unaniweka kwenye simu za watu?"

"Mtoto amesemaje?"

"Hajasema kitu. Muombe Mungu asiseme."

Akakata simu. Nikamalizia kuweka zipu kwenye sketi ya mteja, na nikaiweka juu chini. Ilibidi niifumue.

Kisha wakaja wahakiki. Wa kwanza aliandika kwamba filamu ni kioo cha maisha ya uswahilini, sentensi ambayo nadhani wanayo tayari imeandikwa, wanabadilisha jina la filamu tu. Mtangazaji mmoja wa redio alisema tumewadhalilisha watu wa Pwani, kwamba mila zetu hazina unafiki kama ule, na wasikilizaji wakapiga simu asubuhi nzima kumuunga mkono. Mmoja wao nilimtambua sauti. Alikula pilau ile sahani mbili.

Wa tatu ndiye mkubwa, yule ambaye waigizaji wanamwogopa. Ukurasa mzima. Alisifu uigizaji, akasifu picha. Kisha akaandika kwamba filamu inaanguka pale kwenye arobaini, kwa sababu hakuna mama duniani anayeweza kugawa chakula kwenye sherehe ya mwanawe aliyenyang'anywa huku uso ukiwa mkavu. Alisema mwandishi ameogopa hisia. Alisema pia kwamba baibui jeusi ni ishara nzito mno ya msiba, mtazamaji hahitaji kusukumwa namna ile.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Lakini sikumchukia. Nilimwonea wivu kidogo, kwamba ameishi mpaka akaota mvi akiamini kwamba mtu akiumia lazima alie.

Gazeti hilo nililipeleka Temeke Jumapili mchana, mwenyewe, kwa sababu mama alikuwa hapokei simu zangu. Nilimkuta ukumbini anachambua mchele. Nikampa shikamoo, akaitikia bila kuinua macho. Nikamsomea ukurasa ule kwa sauti ya chini, maana mtoto alikuwa uani anaanua nguo. Nilipofika pale paliposema haiwezi kutokea, akaweka ungo chini.

"Rudia hapo."

Nikarudia.

"Alhamdulillahi," akasema, na uso wake ukalegea kwa mara ya kwanza tangu filamu itoke. "Msomi kasema ni uongo. Basi yamekwisha."

Ndipo akaenda kuinjika chai. Nilimsikia jikoni akishusha pumzi ya nafuu. Nikaelewa kwamba ameokolewa na mhakiki, na kwamba kwa mkupuo huohuo mimi nimefungiwa mlango. Jambo likishatangazwa kuwa la kutunga, nani atauliza tena? Niliyaona hayo wazi kabisa, kama mtu anayesoma vipimo vya mteja asiyemjua. Nilikunywa chai. Nikala na vitumbua viwili.

Mtoto akaingia na sare zake zilizokauka, akachomeka pasi, akatandika shuka kuukuu mezani. Akaliona gazeti. Ni msomaji, anasoma hata karatasi ya kufungia maandazi. Akalivuta karibu na pasi na kuanza kusoma huku anakunja kola ya shati. Mama akanitazama. Nikamwonyesha kwa macho kwamba mwache, kuna nini tena cha kuficha humo.

Alisoma mpaka mwisho. Akapiga pasi mkono mmoja wa shati, akageuza, akapiga wa pili.

"Huyu braza hajui kitu," akasema.

"Mzee mzima huyo, si braza," mama akasema. "Na amesoma. Kama kasema si kweli, si kweli."

"Mie naona ni kweli. Sasa yule dada angelia vipi wakati ameshika sinia? Wageni si wangeuliza?" Akanyunyiza maji kwenye sketi. "Halafu eti nyeusi ni msiba. Si kwa sababu ya maziwa?"

Filamu haisemi popote kwamba ni kwa sababu ya maziwa. Sikuliandika hilo kwenye daftari, nililionea haya. Mwigizaji alivaa baibui kwa kuwa nilimshonea baibui, na hakuuliza.

Mama alikuwa ameshika kikombe. Hakukinywa wala hakukiweka chini.

"Umeyajuaje ya maziwa?" nikamuuliza.

"Wa nyumba ya nne yule, aliyezaa juzi. Alikuja hapa na dera la rangi ya krimu, likaloa lote hapa mbele. Mama akamwambia, vaa jeusi mwanangu, halionyeshi." Alisema hivyo bila kumtazama mama. "Ndiyo nikaikumbuka ile filamu."

Pasi ilikuwa inatoa mvuke. Nje kuna watu walikuwa wanapima spika za shughuli, moja mbili, moja mbili. Mama akafungua mdomo, nikajua anatafuta neno la kufunika, na kwa miaka kumi na minne hajawahi kulikosa. Safari hii halikuja. Nilimwona amezeeka, na nikamwonea huruma, na huruma hiyo nayo niliiona kwa mbali.

"Mama," mtoto akasema. "Arobaini yangu mlipika pilau?"

"Tulipika," mama akajibu taratibu. "Kila mtu anapika."

"Nani aligawa?"

Mama akatazama mchele wake. Hakunitazama mimi. Nilikuwa nimemwahidi, na sikuwa nimeombwa kuvunja ahadi. Nilikuwa nimeulizwa swali dogo la jikoni, la kweli, lenye jibu moja.

"Mie," nikasema.

Mtoto akaitikia kwa kichwa. Akaning'iniza shati kwenye msumari, akanyoosha sketi mezani, akaanza kuyakandamiza marinda, moja baada ya jingine, kwa mpangilio niliomfundisha mwenyewe: anzia kati, nenda pembeni. Mikono yangu ilikuwa mapajani. Nilifikiria kwamba mhakiki yule angekuwepo angesema tena tumeogopa hisia. Watu watatu chumbani na nyuso zote kavu.

Alipomaliza rinda la mwisho akachomoa pasi ukutani. Ndipo aliponigeukia.

"Na wewe ulikula?"

Wageni wale wote, na mama, na mama mdogo, na baada yao waigizaji na wahakiki watatu, hakuna aliyewahi kuniuliza hilo. Sufuria lilikwisha. Nilikwangua ukoko nikaosha masinia.

"Hapana," nikamwambia, na sauti haikufika mwisho.