Uzi Umekatika

Mdogo wangu, bondia anayeitwa Pedeli mtaa mzima, hakufundishwa miguu na kocha. Alijifunza chumbani kwangu, kwa mlio wa cherehani. Mimi nashona sare za shule, yeye anarukaruka kati ya kitanda na mlango: mguu, mguu, ngumi. Nikisema, "Uzi umekatika!" anaacha vyote na kuinama kunitungia sindano, maana macho yangu yamechoka.

Jana ukumbini, kwenye pambano lake, nilikaa mbele. Raundi ya tatu nikaona balaa. Mpinzani wake, jamaa mwenye shingo kama kinu, alikuwa ameacha kurusha ngumi ovyo. Alitikisa kichwa kwa mdundo uleule wa cherehani yangu, akisubiri. Mdundo wa Pedeli alishaushika! Na kocha, kichwa maji yule, anapiga kelele, "Hivyohivyo! Usibadilishe!"

"Hivyohivyo nini, wewe?" nikamfokea.

Mguu. Mguu. Mkono wa kulia wa jamaa ukaanza kutoka.

"Uzi umekatika!" nikapiga ukelele.

Pedeli akainama, kama anatafuta tundu la sindano. Ngumi ikapita juu ya kichwa chake. Alipoinuka, aliinuka na yake, ikatua kidevuni. Jamaa chini. Watu wakashangilia, nami nikashusha pumzi.

Nilifurahi mapema mno. Kabla refa hajamaliza kuhesabu, jamaa alisimama, akajifuta pua kwa glovu. Hakumtazama mdogo wangu. Alinitazama mimi.

Neno langu naye alishalishika, na mimi sikuwa na jingine.