Nderema ya Mama Mkwe

Saa tatu kasorobo asubuhi, kwa saa ya mfukoni niliyoinunua kwa Mhindi karibu na boma la Wajerumani, nilikuwa napalilia migomba nilipomwona mama mkwe akichuma mboga uani kwetu. Alikuwa ametoka Oldonyo Sambu kumhudumia mke wangu, aliyejifungua wiki ile. Kwao ni kukavu, ni watu wa mifugo, na mboga ya nderema hawaijui. Mke wangu alimwelekeza tu: mmea ule unaotambaa kwenye ua.

Iliyotambaa pale ilikuwa mimea miwili. Jani la nderema ni nene na hutoa ute likivunjwa. Maua yake ni madogo, meupe, hayafunuki sana. Matunda ni meusi na hutia vidole zambarau. Ule mwingine, ambao jina lake la Kiswahili silijui hadi leo, una jani jembamba lisilo na ute, maua ya zambarau yenye kitovu cha manjano kama ya ndulele, na matunda mekundu. Ulikuwa umeua mbuzi wa jirani. Kikapuni mwa mama mkwe yalining'inia matunda mekundu.

Kwetu na kwao, mkwe na mama mkwe hawatazamani wala hawasemeshani. Mkwe akiwa karibu hukohoa, ili mama apate kujificha. Nikakohoa. Akajifunika shuka, akaharakisha ndani, kwenye chungu kilichokuwa kikichemka. Nikakohoa kwa nguvu zaidi. Akafunga mlango.

"Mama mtoto! Mboga hiyo isipikwe!"

Mke wangu alikuwa amelala, na mama mkwe, kwa mila, alipaswa kujifanya hakunisikia.

Nikasukuma mlango. Majani yalikuwa mkononi mwake, juu ya chungu. Nikaukamata mkono ule, nikamnyang'anya majani yale. Alipiga yowe, akageukia ukutani. Mke wangu akazinduka.

"Baba mtoto! Umelewa asubuhi yote hii?"

"Tazama matunda. Ni yale yaliyoua mbuzi."

Aliyatazama, akamkumbatia mtoto. "Sasa si ungeita?"

"Niliita."

"Baada ya kukohoa mara ngapi?"

Mama mkwe, uso ukutani, akamwambia binti yake: "Mwambie mumeo asante. Kisha mwambie atoke."

Nilitoka. Alirejea kwao mchana uleule, na mke wangu akabaki bila mtu wa kumpikia. Bado nausikia mkono wa mama mkwe kiganjani mwangu. Wazee waliniamuru nimpelekee kondoo wa kuondoa aibu ya kumshika. Nilimnunua kwa rupia mbili.