Gumba langu kwenye chaki: nilivyomwangusha fundi mwenzangu Kampala ili nikasomee submarine

Wakuu, salamu kwa wote mliomo humu. Umri wangu unatosha kuwa babu wa wengi wenu, kwa hiyo sina cha kupata kwa kudanganya. Mkikuta chumvi, mods wafute uzi wote.

Mwezi uliopita tumemzika Odong. Wanawe waliniomba niongee kama rafiki wa baba yao. Nikasimama, nikakohoa, nikakaa.

Niliyoshindwa kusema pale nayaandika hapa.

Ni Kampala, miaka ile ya sabini, jeshi limeshika nchi. Mimi Mkenya, welder kwenye karakana moja Bugolobi. Odong alikuwa mtoto wa askari polisi kutoka kaskazini, welder pia. Tulipanga chumba kimoja Kyebando.

Jamaa alikuwa na mkono, acheni tu. Mshono wake ulilala kwenye chuma kama umechorwa. Mafundi wa karakana za jirani walikuja kuutazama. Hata mama aliyetuuzia matooke, ndizi zao za kupondwa, alimjazia sahani kuliko yangu, na bei ni ile ile!

Roho iliniuma, wakuu. Kila siku.

Basi siku moja akaja Meja na mhandisi mzungu. Serikali inataka vijana wakasomee kuunda submarine ng'ambo. Najua mtacheka, nchi haina bahari. Sisi hatukucheka. Meja alikuwa na bastola mezani.

Nafasi ilikuwa moja tu.

Mzungu alitufundisha miezi miwili, na ile kitu ni akili tupu. Injini ya dizeli inahitaji hewa, kwa hiyo inafanya kazi chombo kikiwa juu, au karibu na juu kikivuta hewa kwa bomba, na inachaji mabetri. Kikizama, dizeli inazimwa, mota ya umeme inasukuma kimya kimya. Mabetri ni mazito mno, yanapangwa chini kabisa ili chombo kisipinduke.

Halafu chombo kina miili miwili, mmoja ndani ya mwingine. Wa ndani ni wa duara, ndio unaobeba uzito wa maji. Kati yake na wa nje kuna matangi. Ukiyajaza maji unazama, ukiyasukuma maji kwa hewa unapanda. Sasa mshono mmoja wa ule mwili wa ndani ukivuja, watu wote mle wamekwisha.

Ndiyo maana mzungu aliweka sheria: hakuna fundi kukagua mshono wake mwenyewe. Anakagua mwenzako.

Ukaguzi wenyewe ni rahisi. Nje ya mshono unapaka chaki, ndani unapaka mafuta ya taa. Unasubiri. Kama kuna tundu hata la sindano, mafuta yanapenya na chaki inaweka doa.

Mtihani wa mwisho tulibaki mimi na Odong: kila mmoja achomelee pipa la chuma nene. Ndani linawekwa gazeti kavu, linafungwa kwa bolti, linazamishwa. Atakayetoa gazeti kavu anasafiri; yakitoka makavu yote mawili, anasafiri mwenye mshono mzuri zaidi. Mimi nikapangiwa kukagua la Odong, yeye langu.

Meja akatuambia: "Mtu naharibu kazi ya serikali, mimi nasindikiza yeye mwenyewe."

Kusindikizwa tulikujua. Ni ndani ya buti ya gari, na harudi mtu.

Langu Odong alilikagua kwa haki. Akaniambia, "Ndugu, yako iko safi kabisa." Anacheka kama pipa ni lake!

Nikaenda kwa lake. Nikasubiri. Chini kabisa ya mshono likatokea doa dogo, halifiki punje ya mtama.

Odong amekosea! Ningemwita, angerudia kwa dakika kumi, na angesafiri yeye.

Nikafuta mafuta ndani kwa kitambaa. Nikachukua chaki ya unga, nikaibandika juu ya doa kwa dole gumba. Nikasema, "Safi."

Odong akaja kulibeba. Akaliinamia kidogo, akanitazama, akalibeba.

Baada ya saa moja majini, gazeti langu kavu. La kwake limelowa chapachapa.

Meja akasimama. "Nani nakagua hii?"

Wakuu! Huo mtego hata sikuwa nimeuwaza. Mwenye kosa ni mkaguzi!

Odong akapiga hatua mbele. "Afande, ni mimi. Yeye alikagua vizuri. Mimi nasaga mshono baadaye, nataka ipendeze, ikatoboka."

Kwa kuwa alikiri na pipa ni lake mwenyewe, buti aliiponea; alipigwa viboko mbele yetu, akafukuzwa. Mimi nikapanda ndege. Na nilifurahi, siwafichi. Nikajiambia labda kweli alisaga.

Nilikaa ng'ambo miaka mitatu. Nimeingia ndani ya submarine, nimechomelea mwili wake. Nikarudi Kampala na cheti, nikakuta hakuna submarine, hakuna mpango, na Meja hayupo. Hakuna aliyetaka hata kukisoma cheti.

Odong nikamkuta Kikuubo, kule sokoni. Ana kibanda, anaunda matangi ya maji, wafanyabiashara wanamgombania. Ana mke, ana watoto wawili, anacheka vile vile.

Wivu ukanipanda upya, jamani! Mimi niliyesoma!

Nikamuuliza, "Siku ile ulisaga kweli?"

Akanishika mkono, akaugeuza. Gumba langu hili lina kovu la grainda, ile mashine ya kusagia chuma, linakata katikati. Akasema, "Hii kovu nilisoma kwa chaki. Kama ningesema, wewe ungeona jioni?"

"Ungerudia mshono basi!"

"Na Meja anasimama pale? Angeuliza kwa nini."

Akanisogezea kopo la mafuta ya taa na kipande cha chaki, akaonyesha tangi jipya. "Mimi sina mkaguzi hapa. Kagua."

Nikapaka, nikasubiri. Kwenye kona likatoka doa. Mteja alikuwa amesimama pale na hela mkononi.

Nikasema kwa sauti, "Odong, hapa panavuja."

Akachukua fimbo ya kuchomelea, akaenda kurudia. Nilimkagulia matangi hadi alipostaafu.

Nilichojifunza: wivu wangu ulinipa nafasi, lakini uhai alinipa yule niliyemwonea. Na wivu wenyewe haujaisha. Siku ya maziko niliutazama ule umati nikawaza, mimi watakuja wangapi?

Nitukaneni mkitaka, nimezoea. Ila nishaurini hili moja: wanawe niwaambie, au nikae nalo?