Vikaratasi vya Mkamata Nyoka

Kazini walimwita Mama Magamba. Miaka ishirini na miwili alikaa chumba cha nyuma cha makumbusho, mbele ya chupa za spiriti zenye nyoka, akihesabu magamba ya swila kwa ncha ya sindano. Swila wa milimani kwa kawaida ana safu ishirini na moja. Wa bondeni, kumi na tisa. Ni ndugu wa kufanana hasa, na wapo wa kuvuruga hesabu. Ndiyo maana mahali alipokamatwa nyoka pana uzito kama nyoka mwenyewe.

Chupa mia moja arobaini na tatu zilitoka kwa baba yake mdogo, mkamata nyoka, aliyemlea. Vikaratasi vyote, kwa penseli, vilitaja mji mmoja mdogo kati ya mlima na bonde. Chupani walikuwamo wa juu na wa chini, shaghalabaghala. Mama Magamba akaamini: hapo wanakutana, wanazaana, basi ni aina moja. Jumatatu kitabu cha nyoka cha makumbusho kinakwenda kuchapwa, na kati ya majina mawili ya swila hao, moja litafutwa kwa neno lake.

Jumamosi alikwenda katika mji huo kumjulia hali mzee, aliyepooza kwa kiharusi. Akambebea chupa mbili, zimchangamshe.

"Umenirudishia hao?" mama mdogo akamaka. "Miaka kumi walilala chini ya kitanda changu! Wake wenza wasio na miguu."

"Si walijaa hapa mjini, mama?"

"Hapa? Hapa hata mjusi ni wa kutafuta! Baba yako alipanda huko juu, akateremka bondeni, kisha akakaa mezani hapa kufunga kifurushi. Akaandika jina la hapa. Kwani kifurushi si kilitoka hapa?"

Kukamata wengine hakuwezekani: milima imelimwa hadi kileleni, bonde limo chini ya maji ya bwawa. Akapiga magoti, akamshikisha mzee chupa.

"Baba, huyu ulimtoa juu?"

Mzee akaigeuza kwa mkono mzima. Macho yakang'aa, alimjua, alimjua kabisa.

"Ndiyo."

"Au bondeni?"

"Ndiyo."

"Baba, tafadhali. Juu?"

Midomo ikahangaika, ikatafuta, chozi likamshuka. "Ndiyo. Ndiyo."

"Ndilo neno alilobakiziwa," mama mdogo akasema taratibu. "Nikimuuliza nimchinje, atakubali."

Jumatatu Mama Magamba akasimama mbele ya mkuu wa idara. "Uondoe ukurasa wangu."

"Tuandike nini? Aina mbili?"

"Sijui."

"Moja, basi?"

"Sijui."

"Mama, 'sijui' haichapwi." Akatazama saa. "Gari la wachapaji liko nje. Ukurasa utabaki ulivyo."

Akarudi chumbani, akafungua chupa ya kwanza, akatoa kikaratasi kilicholowa. Mwandiko wa mzee ulikuwa bado unasomeka vizuri. Akakata kipya, akachonga penseli, akaandika: *Mahali: hapajulikani.* Kisha akavuta chupa ya pili.